Kigumu, laini, kinanata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mguso wa chakula mdomoni

Ukurasa huu ni wa mlaji wa kawaida: anayenunua, anayepika, anayelisha mtoto au mgonjwa, na anayetaka kusema kwa usahihi chakula kilikuwaje mdomoni. Ni wa muuzaji pia, yule anayeambiwa kila siku "kigumu", "kimelegea", "kinanata", asijue aanze kurekebisha wapi. Tunaamini maneno hayo ya kawaida ni ushahidi mzuri kuliko wengi wanavyodhani, ilimradi msemaji aongeze jambo moja: lilimtokea wakati gani. Alipong'ata si sawa na alipotafuna, na alipomeza si sawa na kile kilichobaki mdomoni baadaye.

Mguso wa chakula ni nini hasa?

Ni yote tunayoyatambua kuhusu jinsi chakula kilivyojengeka, kwa vidole, midomo, meno, ulimi, kaakaa na koo, na kwa sehemu kwa macho na masikio. Ladha ni kazi ya vionjio vya ulimi na harufu ni kazi ya pua. Mguso ni kazi ya neva zinazohisi shinikizo, msuguano na mtikisiko. Jino limeshikiliwa kwenye taya na tishu nyembamba, na ndani ya tishu hiyo mna neva zinazopima nguvu unayoiweka kila unapong'ata. Ndiyo maana chembe moja ya mchanga ndani ya wali unaigundua papo hapo, hata kabla hujaiona.

Hakuna kiungo kimoja cha mguso, na hakuna kipimo kimoja. Kitu kimoja chaweza kuwa kigumu kwa nje, chepesi kwa ndani, kisha kikanata kwenye kaakaa.

Kwani watu hawajali ladha tu?

Wanajali mguso sana, ila mara nyingi wanautaja pale unapowaudhi. Uji ukiwa laini sawasawa hakuna anayesema neno. Ukiwa na mabonge, kila aliye mezani atasema. Mwaka 1963, Alina Szczesniak, mwanasayansi wa kampuni ya General Foods nchini Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walisomewa majina ya vyakula na kutakiwa kutaja maneno yaliyowajia kwanza. Mguso ulitajwa mara nyingi, hasa kwa vyakula visivyo na ladha kali na vile vinavyolia vikitafunwa.

Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Saga vyakula kadhaa unavyovijua, kila kimoja peke yake, mpaka vyote viwe laini kwa kiwango kimoja, kisha mwombe mtu afumbe macho na kuonja. Vingi hatavitambua, japo ladha yake haijaondolewa. Kumbe sehemu kubwa ya kile tunachokiita "ladha ya karoti" ni namna karoti inavyovunjika.

Walaji hutumia maneno ya aina gani?

Szczesniak aliyagawa makundi matatu, na mgawanyo wake unatumika hadi leo kwa sababu unafuata jinsi mdomo unavyofanya kazi.

Kundi la kwanza linahusu nguvu: chakula kinapinga vipi meno na ulimi. Humo mna kigumu, teketeke, kinavunjika, kinatafunika, kinavutika, kinarudi kikibonyezwa, kinanata, kizito, chepesi. Kundi la pili linahusu umbo na ukubwa wa vilivyomo: chengachenga, ungaunga, mabonge, punjepunje, nyuzinyuzi, chenye povu. Kundi la tatu ni maji na mafuta: kikavu, majimaji, chepechepe, mafutamafuta, kinateleza.

Tazama tulivyopenda kurudia neno ili kuonyesha kitu kilichogawanyika vipande vingi. Mlaji anayesema "chengachenga" hajasema chakula ni kibaya. Amesema kina chembe nyingi ndogo ambazo ulimi unazitenganisha. Hiyo ni taarifa kamili, na mpishi anayeisikia ana pa kuanzia.

Taabu iko kwenye maneno yanayobeba makundi yote kwa pamoja, na kinara wao ni "laini". Mkate laini ni ule usiopinga meno. Mchuzi laini ni ule usio na mabonge. Samaki laini ni yule anayetengana kirahisi, na mtu mwingine atasema hivyohivyo kuhusu samaki aliyeanza kulegea kwa kuharibika. Ukisikia "laini", uliza tena: laini chini ya meno, au laini juu ya ulimi? Swali hilo moja huokoa mazungumzo marefu.

Je, kuna lugha zenye maneno mengi zaidi ya mguso?

Ndiyo, na tofauti ni kubwa. Jaribio la Marekani la mwaka 1963 lilikusanya maneno 78 ya mguso. Utafiti wa Austria wa mwaka 1990 ulipata 105. Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 1970 ulipata 406, na orodha iliyokusanywa huko mwaka 2005 ilifika 445. Sehemu kubwa ya maneno ya Kijapani huigiza mlio au mwendo wa chakula mdomoni, na watu wazima huyatumia mezani na kwenye matangazo bila kuona haya.

Hesabu hizi zisichukuliwe kwamba watu fulani wanahisi zaidi ya wengine. Ulimi ni uleule. Kinachotofautiana ni kile ambacho jamii imezoea kukitaja kwa neno moja na kile inachokieleza kwa sentensi nzima.

Kwa nini watu wanapenda sana chakula kinacholia?

Kwanza tuone mlio unatoka wapi, kwa sababu kuna njia mbili tofauti kabisa.

Krispi za viazi, biskuti nyembamba na ganda la mkate ni vitu vikavu vyenye vyumba vingi vya hewa. Kuta za vyumba hivyo ni nyembamba na hazipindi. Ukizibana, zinavunjika moja baada ya nyingine kwa kasi, na kila ukuta unaovunjika unatoa mtikisiko mdogo. Mfululizo wa mitikisiko hiyo ndio mlio unaousikia.

Karoti mbichi, tango na tufaha vinalia kwa sababu iliyo kinyume: vimejaa maji. Kila seli imejazwa maji mpaka ukuta wake umekaza, na jino likiubana, seli inapasuka. Karoti ikipoteza maji inapinda badala ya kukatika. Kwa hiyo dawa zake hazifanani. Karoti iliyolegea itie kwenye maji baridi, seli zitajaa tena. Biskuti iliyolegea irudishe kwenye joko kwa muda mfupi ili maji yatoke.

Masikio nayo yanazitofautisha. Vitu vikavu vyembamba hutoa sauti kali ya juu, yenye nguvu hata zaidi ya hezi 5,000 (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), ilhali vitu vinavyovunjika kwa mkatiko mzito hutoa sauti ya chini, takribani hezi 1,250 hadi 2,000. Tena hatusikii kwa hewa tu. Mtikisiko unapita pia kwenye meno na taya hadi sikio la ndani, na kwa hiyo unaposikia mwenzako akitafuna hupati sauti ileile anayoipata yeye.

Mwaka 2004 Massimiliano Zampini na Charles Spence walichapisha jaribio walilolifanya Chuo Kikuu cha Oxford. Watu waling'ata krispi huku wakisikia mlio wao wenyewe kupitia spika za masikioni. Watafiti walipoongeza sauti, hasa ile ya juu, krispi zilezile zilihesabiwa kuwa kavu zaidi na mpya zaidi. Jaribio hilo lilipata tuzo ya Ig Nobel mwaka 2008, tuzo inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Sisi tunalichukulia kwa uzito wote. Mlaji anayesema "hizi zimechacha" kabla hajamaliza kutafuna ameshapata habari kupitia sikio.

Na mapenzi yenyewe? Mlio ni dalili ya upya. Mboga iliyochumwa leo inalia, ya wiki iliyopita hailii. Biskuti iliyofungwa vizuri inalia, iliyoachwa wazi hailii. Mtu hujifunza uhusiano huo utotoni na hausahau.

Biskuti ikiachwa wazi inalegea, lakini mkate ukiachwa wazi unakakamaa. Inakuwaje?

Hili tunaulizwa sana, na jibu lake linaeleza nusu ya malalamiko ya walaji.

Biskuti ni kavu kuliko hewa inayoizunguka, kwa hiyo inavuta unyevu. Wanga na sukari yake, zikiwa kavu, ziko katika hali ya kioo: ngumu, zisizopinda, tayari kuvunjika. Maji kidogo tu yakiingia, kioo hicho kinaanza kupinda. Hapo biskuti haina mlio tena, hata kama ladha haijabadilika hata kidogo.

Mkate una maji mengi kuliko hewa, basi watu hudhani unakakamaa kwa kukauka. Kukauka kupo, lakini si sababu kuu. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate uliofungwa usipoteze maji hukakamaa vilevile. Kinachotokea ni kwamba wanga uliolainika wakati wa kuoka unaanza kujipanga upya kidogo kidogo na kuwa mgumu. Wakati huohuo maji yanahama kutoka ndani kwenda kwenye ganda, na ndiyo maana mkate wa jana una ndani ngumu na ganda linalovutika kama ngozi.

Joto la kama nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi huuvunja mpangilio huo, na mkate hurudi kuwa laini kwa muda. Jokofu hufanya kinyume: baridi yake, isiyofikia kuganda, huharakisha kukakamaa. Mkate usioliwa leo ni bora ugandishwe kabisa, au uachwe umefungwa nje ya jokofu ikiwa utaliwa upesi. Tunalisisitiza hili kwa sababu watu wengi wanauweka mkate kwenye jokofu kwa nia njema, kisha wanamlaumu aliyeuoka.

Nikisema chakula ni "kikavu", namaanisha hakina maji?

Si lazima. Kiini cha yai lililochemshwa hadi kukakamaa kina maji karibu nusu ya uzito wake, na bado kinakaba koo. Kifua cha kuku kilichopikwa kupita kiasi hubaki na maji zaidi ya nusu, na watu husema kimekauka. Ukavu wa mdomoni unahusu mate: chakula kinanyonya mate kwa kasi gani, na kinateleza kiasi gani kabla ya kumezwa. Chembe ndogo kavu hunyonya upesi. Mafuta hupaka kila kitu utelezi, kwa hiyo biskuti yenye siagi nyingi haionekani kavu ingawa maji yake ni machache vilevile.

Kwa hiyo chakula kikisemwa ni kikavu, kuongeza maji si jibu pekee. Pengine kinahitaji mafuta kidogo, au mchuzi kando, au chembe kubwa zaidi.

Ukakasi ni ladha au mguso?

Kwa sehemu kubwa ni mguso. Ndizi mbichi, chai kali na divai nyekundu zina tanini. Tanini hushikamana na protini za mate, zile zinazoufanya mdomo uteleze, na protini zikishikwa, ulimi unasuguana na kaakaa bila kilainishi. Ndiyo hisia ya mdomo kukaza na kukwaruza. Hukusanyika pia: funda la tatu lina ukakasi kuliko la kwanza. Maziwa hupunguza ukakasi wa chai kwa sababu protini zake huzishika tanini kabla hazijafika kwenye mate.

Chembe ndogo kiasi gani ndipo ulimi usizihisi?

Inategemea umbo lake, ugumu wake na kilichozizunguka. Kwa chokoleti, watengenezaji husaga mpaka chembe nyingi ziwe chini ya mikromita 30 hivi (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Zikizidi hapo, mlaji huanza kusema ina mchanga. Kwenye aiskrimu, fuwele za barafu zikikaribia mikromita 50 na kupita, watu husema ina barafu. Chembe ya mviringo au iliyo laini husamehewa hata ikiwa kubwa. Yenye ncha haisamehewi.

Aiskrimu iliyoyeyuka kidogo njiani kisha ikagandishwa tena huharibika hivi: fuwele ndogo zinayeyuka, na maji yake yanakwenda kuganda juu ya zile kubwa. Ukiilalamikia, eleza kama chembe zinayeyuka ulimini au hazitoweki. Zinazoyeyuka haraka ni barafu. Zinazokaa muda mrefu huenda ni sukari ya maziwa iliyojitenga, na hilo ni kosa la kiwandani zaidi ya njiani.

Nyama ikiwa "ngumu", nimwambie mpishi nini?

Mwambie ugumu gani, kwa sababu dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Nyama ina nyuzi za misuli na ina tishu inayozifunga nyuzi hizo pamoja. Tishu hiyo ni kolajeni. Kwenye viungo vinavyofanya kazi sana, kama miguu na shingo, ni nyingi, na ikipikwa muda mfupi inakuwa kama mpira: unatafuna, inarudi, haikatiki. Joto la polepole lenye unyevu, kwa saa kadhaa, huigeuza kolajeni kuwa jelatini, na nyama inaachana yenyewe. Mpishi akiambiwa "nyama inavutika, haikatiki", jibu lake ni kuongeza muda.

Ugumu wa pili ni wa nyuzi zenyewe. Nyama isiyo na mafuta wala kolajeni nyingi, kama ya mgongoni, ikikaa motoni kupita kiasi hujikunja na kukamua maji yake. Hukatika, lakini mdomoni ni nyuzinyuzi kavu zisizomezeka na zinazobaki kati ya meno. Huyo mpishi akiongeza muda anaharibu zaidi. Alitakiwa kuitoa mapema.

Kuna na wa tatu: nyama iliyokatwa kufuata nyuzi. Ikikatwa kukingama nyuzi, meno hukutana na vipande vifupi, na kazi imekwisha hapo.

"Nyama ilikuwa ngumu" haimsaidii mpishi yeyote kati ya hawa watatu. "Ilikatika vizuri lakini haikumezeka" inamsaidia.

Tufaha la "ungaunga" limekauka?

Hapana. Maji yake yamo. Kinachoshikilia seli za tufaha pamoja ni pektini, na tunda likikaa sana gundi hiyo hudhoofika. Ukiling'ata, seli zinaachana zikiwa nzima badala ya kupasuka, kwa hiyo juisi haitoki na ulimi unapata punje zilizofungwa.

Kwa nini mimi nasema kigumu na mwenzangu anasema kawaida, sahani moja?

Wote wawili mnaweza kuwa sahihi. Nguvu ya taya hutofautiana, hali ya meno pia. Mwenye meno ya bandia amepoteza zile neva za mizizi ya meno, na mara nyingi hung'ata kwa nguvu ndogo zaidi. Kiasi cha mate hutofautiana kati ya mtu na mtu, na dawa nyingi za hospitali huyapunguza.

Halafu kuna mazoea ya kula. Mwaka 2015 watafiti nchini Marekani walipendekeza makundi manne: wanaopenda kutafuna kwa muda mrefu, wanaopenda kuvunjavunja kwa kishindo, wanaopenda kusambaza chakula kwa ulimi mdomoni, na wanaopenda kumung'unya mpaka kiyeyuke. Mpe wa pili na wa nne peremende moja. Mmoja ataivunja mara moja na kusema ni ngumu inayong'ang'ania meno. Mwingine hatausikia ugumu huo kabisa, kwa sababu hakuwahi kuing'ata.

Ukisoma maoni ya walaji yanayopingana, usikimbilie kusema kuna anayedanganya. Tafuta kwanza kila mmoja alikila vipi.

Mtoto wangu anakataa chakula kwa sababu ya mguso tu. Ni ukaidi?

Mara nyingi sivyo. Kutafuna ni ujuzi unaojengwa, na mtoto aliyezoea vilivyosagwa tu anapokutana na bonge hajui alifanyie nini. Utafiti uliofanyika Uingereza uliona kwamba watoto walioanza kupewa chakula chenye mabonge baada ya miezi 10 walikuwa na matatizo zaidi ya kula kuliko walioanza mapema. Pandisha ngazi pole pole: kilichosagwa, kilichopondwa, kilichokatwakatwa.

Kwa watoto na watu wazima wenye usonji, mguso fulani unaweza kuwa mateso ya kweli, na kuwalazimisha hakusaidii. Mwulize mtoto kwa maneno mepesi: kinateleza? kinakwaruza? kinanata? Ukijua ni kipi, unaweza kubadilisha upishi badala ya kuacha chakula chote. Yai la kukaangwa likakataliwa, la kuchemsha likakubaliwa. Chakula ni kilekile.

Wataalamu wanapimaje mguso?

Kwa watu na kwa mashine. Watu huzoeshwa kwa vyakula vya mfano. Kipimo cha ugumu cha mwaka 1963 kina ngazi 9: chini kabisa ni jibini laini ya kupaka, katikati ni zeituni, karanga iko ngazi ya 6, karoti mbichi ya 7, na juu kabisa ni sukari mawe. Mtu akishazitia mdomoni zote kwa mpangilio, "kigumu" yake inaanza kufanana na ya mwenzake.

Mashine nayo hukibana kipande cha chakula mara mbili, kama meno yanavyong'ata mara mbili, na kuchora nguvu iliyotumika. Mchoro huo huonyesha ugumu, kurudi kwa umbo na kunata. Ni chombo kizuri, tena hakichoki. Lakini hakina mate wala joto la mwili, na hakimezi. Kwa vyakula ambavyo tabia yake yote hutokea baada ya kuchanganyika na mate, kama chokoleti au mkate, mlaji bado yuko mbele ya mashine, na tunadhani ataendelea kuwa mbele.

Nikiandika maoni kuhusu chakula nilichonunua, nielezeje?

Fuata safari ya chakula. Mkononi kilikuwaje? Jino la kwanza lilikutana na nini? Katikati ya kutafuna kilikuwa bonge, uji au nyuzi? Kilimezeka? Kiliacha nini, utando wa mafuta, punje, au meno kushikana?

Huna haja ya kujibu yote. Chagua pale penye tatizo, na sema ulitarajia nini. Maoni haya hayana msaada: "Biskuti mbovu, sinunui tena." Haya yana msaada: "Nilifungua pakiti mpya, biskuti ikapinda kabla ya kukatika na haikulia." Mtengenezaji akisoma hilo la pili anajua unyevu umeingia, kwa hiyo anakwenda kukagua ufungaji, si unga.

Mimi nauza chakula. Niwaulize wateja vipi?

Usianze kwa kuwapa neno. Ukiuliza "kilikuwa kikavu?", wengi watasema ndiyo kwa adabu. Uliza kwanza "kilikuwaje ulipokitafuna?", kisha nyamaza. Ukishapata maneno yao, tengeneza orodha kutokana na hayo na uwaombe wateja wengine waweke alama kwenye yanayofaa. Ukitaka kujua kiasi, tumia ngazi tatu tu: kidogo mno, sawasawa, kupita kiasi. Mtu wa kawaida anaijibu hiyo bila mafunzo.

Na uliza mapema, chakula kikiwa bado mdomoni mwa mteja au punde tu baada ya hapo.  Muda ukipita undani husahaulika, hubaki kupenda na kutopenda.

Namhudumia mtu mwenye shida ya kumeza. Nimeambiwa "chakula laini". Inatosha?

Haitoshi, na hapa neno lisilo na mipaka linaweza kumpalia mtu. Mkate mpya ni laini, lakini ukilowa mate unakuwa bonge linalonata kooni. Supu yenye vipande ni laini, lakini maji yake hukimbia mbele huku vipande vikibaki nyuma.

Omba uambiwe ngazi. Mfumo wa kimataifa wa kupanga vyakula na vinywaji vya wenye shida ya kumeza, uitwao IDDSI, una ngazi 0 hadi 7: vinywaji ni 0 hadi 4, vyakula ni 3 hadi 7, na ngazi ya 3 na ya 4 zinahusu vyote viwili. Uzuri wake ni kwamba vipimo vyake vinafanyika jikoni. Kwa vinywaji, mililita 10 hutiwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, la aina iliyoelezwa kwenye mfumo wenyewe, huachiwa zitiririke kwa sekunde 10, na kinachobaki ndicho kinachoonyesha ngazi. Kwa vyakula hutumika uma. Ngazi ya 5, chakula kilichosagwa chenye unyevu, vipande kwa mtu mzima havizidi upana wa milimita 4, ambao ndio nafasi kati ya meno ya uma wa kawaida. Ngazi ya 6 haizidi sentimita 1.5, na kipande kinapobonyezwa kwa uma mpaka ukucha wa kidole gumba ubadilike rangi kuwa mweupe, lazima kibonyee na kisirudi umbo lake.

Ngazi yenyewe huamuliwa na mtaalamu aliyempima mgonjwa, si na sisi wala na mpishi. Kazi yako ni kukipima chakula kabla hujampa, kila mlo, kikiwa kwenye joto lile atakalokula nalo, kwa sababu kinachopita kikiwa cha moto huenda kikawa kizito mno kikipoa.